Betri za vigari vya gofu: je, kuchaji kwa muda wa saa 6 kunatosha?

Msimamizi_Diani ameuliza:

Hamjambo, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Diani, kaunti ya Kwale, na miongoni mwa majukumu yangu ni kusimamia vigari sita vya gofu, ambavyo sisi tunaviita bagi. Uwanja wa gofu hatuna. Vigari hivi huwabeba wageni na mizigo yao kutoka mapokezi hadi vyumba vya mbali, na jioni huwapeleka mkahawani na kuwarudisha. Kila kigari kina betri sita za volti 8, zile za risasi na asidi zenye vifuniko vya kuongezea maji, zilizoungwa kwa mfululizo ili kutoa volti 48, na kila betri imeandikwa uwezo wa ampea-saa 170, yaani kiasi cha umeme inachoweza kubeba. Chaja za vigari vitano zinafanana, nazo zimeandikwa ampea 18. Kigari cha sita tulikinunua kikiwa kimetumika, na kilikuja na chaja yake kubwa, nzito, inayonguruma.

Tangu nianze kazi hii nimekuwa nikivichomeka vigari jioni na kuviacha hadi asubuhi. Sasa tumepata meneja mpya, na ameagiza chaja ziwashwe saa 5 usiku, mashine za dobi zikishazimwa, kisha zizimwe saa 11 alfajiri tanuri za mikate zinapowashwa, kwa sababu hataki vyombo vyote vivute umeme kwa wakati mmoja. Huo ni muda wa saa 6 tu. Aliyetuuzia betri alisema zinahitaji saa 8, kijana wa zamu ya usiku anasema saa 12, na dereva wetu mmoja anaapa kwamba kule alikokuwa akifanya kazi zamani zilijaa kwa saa 4.

Kabla ya kuuliza, nilikaa wiki mbili nikiandika daftarini muda ambao kila kigari kilichukua hadi taa ya kijani. Vinne vilichukua kati ya saa 7 na saa 9. Kigari nambari 3 humaliza kwa saa 3 tu, jambo ambalo mwanzoni lilinifurahisha, lakini kufikia adhuhuri hakiwezi hata kupanda mwinuko mdogo ulio karibu na bwawa la kuogelea. Kigari nambari 6 hakijawahi kuwasha taa ya kijani mbele ya macho yangu, hata kikichajiwa kwa muda wa saa 14. Betri zote zina umri mmoja, miaka mitatu.

Naomba kujua muda halisi ambao betri hizi zinahitaji, na kama agizo la meneja litaziharibu.

Fundi_Haidromita amejibu:

Ndugu Msimamizi, hongera kwa daftari lako, kwa maana wengi huleta swali hili bila hata tarakimu moja. Hao watu watatu waliokupa majibu matatu huenda wote walisema kweli, kila mmoja kwa betri alizoziona yeye. Muda wa kuchaji hauandikwi juu ya betri. Unategemea kiasi cha umeme kilichotoka mchana, nguvu ya chaja, na sehemu ya mwisho ya kazi ambayo haikubali kuharakishwa.

Tuanze na hesabu. Ikiwa kigari kimetumia nusu ya uwezo wake, basi zimetoka ampea-saa 85. Chaja yako ya ampea 18 ingezirudisha kwa muda wa saa 4 na dakika 40 kama ingeweza kusukuma ampea 18 mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo dereva wako alipopata saa zake 4. Lakini chaja haiwezi kufanya hivyo. Fikiria mtu anayejaza gunia la mchele. Mwanzoni humimina tu, lakini gunia likikaribia kujaa inambidi asimame, alitikise, ashindilie, aongeze kidogo, kisha atikise tena, na pishi chache za mwisho humchukua muda unaokaribia ule wa nusu gunia la kwanza. Betri ya risasi ni hivyo hivyo. Chaja husukuma ampea zake zote mpaka seti, yaani betri zote sita pamoja, ifike takriban volti 59, na hapo betri huwa imejaa kiasi cha asilimia 80. Kuanzia hapo chaja hushikilia volti, nazo ampea huanza kupungua zenyewe kutoka 18 hadi 10, hadi 5, hadi 3. Mkia huo huchukua muda wa saa 2 hadi 4. Isitoshe, inabidi urudishe umeme zaidi ya ule uliotoka, kati ya asilimia 110 na 120, kwa sababu sehemu yake huishia kwenye joto na kwenye mapovu unayoyasikia yakichemka ndani ya seli, vile vyumba vidogo vilivyomo katika kila betri.

Kwa hiyo kigari kilichotumia nusu kitahitaji karibu saa 8, na hilo linalingana kabisa na saa 7 hadi 9 ulizoziandika kwa vile vigari vinne. Kilichotumia theluthi moja kitahitaji kama saa 6. Kilichokamuliwa hadi kikabakiwa na asilimia 20 kitakwenda saa 10 au 11, na kama chaja ni dhaifu, hata zile 12 za kijana wako wa zamu.

Sasa kuhusu agizo. Ukikata mkia huo usiku mmoja, hakuna kitakachotokea. Ukiukata kila usiku kwa miezi mitatu, utaziua betri polepole, na kuna njia mbili zinazofanya hivyo. Ya kwanza ni kwamba kila betri inapotumika, mabamba yake ya risasi hufunikwa na salfeti. Salfeti changa huyeyuka betri inapochajiwa mpaka mwisho, lakini ile inayoachwa humo siku baada ya siku huwa fuwele ngumu ambazo haziondoki tena, na kila eneo la bamba lililofunikwa nazo linakuwa limekufa. Ya pili husahaulika mno: asidi ni nzito kuliko maji, hivyo hutuama chini ya betri, na mapovu ya zile saa za mwisho ndiyo yanayoikoroga ichanganyike. Betri isiyochemka kamwe hukaa na asidi kali chini na nyepesi juu, na sehemu ya chini ya mabamba huharibika mapema.

Kabla ya kumpinga meneja, pima kwanza. Jioni, vigari vikishapumzika angalau kwa muda wa saa mbili bila kuchajiwa wala kuendeshwa, weka mita ya volti kwenye tamino (vichwa vya kuungia waya) mbili za mwisho za seti. Seti ya volti 48 iliyojaa kabisa huonyesha takriban volti 50.9. Iliyobaki na nusu huonyesha 48.4, na iliyobaki na asilimia 20 huonyesha 46.6. Usipime mara tu baada ya kuchomoa chaja, kwa maana volti huwa zimepanda juu juu tu na mita itakudanganya. Kisha nunua haidromita ya kioo, ambayo haina bei kubwa, upime uzito wa asidi ya kila seli, ukilinganishwa na wa maji, baada ya kuchaji. Seli nzuri iliyojaa iko karibu na 1.265 hadi 1.280, na iliyobaki na nusu iko kati ya 1.170 na 1.190. Kwa joto la Pwani la nyuzi 32 ongeza 0.004 kwenye tarakimu unayoisoma.

Nambari 3 na nambari 6 tutazizungumza ukileta vipimo. Nina dhana yangu kuhusu nambari 3, ila sipendi kutoa hukumu kabla ya ushahidi.

Mtunza_Vigari_Limuru amejibu:

Fundi amekwisha kueleza vizuri, nami sitarudia. Ninatunza vigari katika uwanja wa gofu wenye milima mingi huku Limuru, na kutokana na kazi hiyo ninataka kuongeza mambo machache.

Usilinganishe saa zako na za mtu mwingine kabla ya kuuliza ardhi yake ikoje. Kigari chetu kinachozunguka mashimo 18 na watu wawili na mikoba yao, kikipanda na kushuka, hurudi kikiwa kimechoka kuliko kigari cha uwanja tambarare kilichozunguka mashimo hayo hayo. Nyinyi wa hotelini mna tatizo jingine, nalo ni kusimama na kuondoka mara mia kwa siku mkiwa na masanduku ya wageni, na kila kuondoka huvuta ampea nyingi kwa sekunde chache.

Jambo la pili ni maji. Maji huongezwa baada ya kuchaji. Tulipoanza kazi hii tulikuwa tukijaza betri pomoni asubuhi, tukivichaji vigari usiku, kisha tunashangaa kwa nini sakafu ya banda ina madoa meupe na tamino zimeota ukoko. Asidi hutanuka inapopata joto na mapovu, na kama hakuna nafasi, hufurika. Kinachomwagika ni asidi yenyewe, halafu wewe unarudishia maji, na baada ya mwaka mmoja betri inakuwa na supu nyepesi isiyo na nguvu. Kabla ya kuchaji ongeza tu ikiwa mabamba yako wazi, na hapo uyafunike tu kidogo. Baada ya kuchaji, jaza mpaka milimita 3 hivi chini ya ukingo wa mrija wa ndani wa kifuniko. Huko Pwani, kwa joto lenu, ningekagua kila wiki mbili.

Na dukani uwe mwangalifu na jina. Mtu akisema "maji ya betri" wengine humpa asidi, wengine humpa maji yaliyotoneshwa. Wewe unataka yaliyotoneshwa tu. Maji ya kisima cha Pwani yenye chumvi usiyakaribishe hata kwa dharura.

Banda la kuchajia liwe na upepo wa kutosha, hasa upande wa juu. Mapovu hayo ni haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumbani huweza kulipuka kwa cheche moja. Kabla ya kuchomoa waya zima chaja kwanza, na yule askari anayependa kuvuta sigara akijificha upepo nyuma ya banda la vigari mtafutie mahali pengine pa kusimama.

Halafu nisaidie jambo moja. Hiyo chaja ya nambari 6 iliyo nzito na inayonguruma, hebu soma kibao chake utuambie kimeandikwa nini, hasa volti na herzi (mara ambazo umeme hugeuka kwa sekunde) za umeme unaoingia.

Bahari_ya_Nungwi amejibu:

Assalaam aleikum. Sisi huku Nungwi, Unguja, tulikuwa na shida kama hizo mpaka mwaka jana tulipobadilisha vigari viwili tukaviwekea betri za lithiamu, aina ya chuma na fosfeti. Kila kimoja kina betri moja ya volti 51.2 na ampea-saa 105, na chaja yake ni ya ampea 25. Kikirudi kikiwa karibu tupu hujaa kwa muda wa saa 4 na dakika chache, kwa sababu lithiamu haina ule mkia mrefu aliouelezea fundi. Huvuta ampea zote karibu mpaka mwisho, kisha hukata. Kikiwa na nusu, hujaa kwa saa 2. Tena haijali kukatishwa, kwa hiyo dereva akienda kula mchana anakichomeka kwa dakika 40 na hakuna madhara yoyote.

Uzito nao umepungua sana. Betri sita za volti 8 zina karibu kilo 170 kwa jumla, na hii mpya haifiki theluthi moja ya uzito huo, hivyo kigari kimekuwa chepesi kwenye mchanga.

Sitakuficha kwamba bei yake inauma. Na chaja ya zamani haifai, kwa kuwa chaja ya betri za risasi ina hatua zake za kuchemsha na kusawazisha ambazo lithiamu haizitaki. Ndani ya betri kuna ubao wa ulinzi utakaokata umeme, lakini ni vibaya kuufanya mlinzi wa mwisho kuwa mlinzi wa kila siku. Hesabu gharama ya betri pamoja na chaja yake.

Msimamizi_Diani amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimechukua siku tano kupima, nikisaidiwa na fundi umeme wa hoteli, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Vigari nambari 1, 2, 4 na 5 jioni vilionyesha kati ya volti 48.5 na 49.3. Baada ya kuchajiwa mpaka taa ya kijani, seli zote zilisoma kati ya 1.255 na 1.270.

Kigari nambari 3 kilipokataa kupanda mwinuko, tulikiacha kipumzike tukapima betri moja moja. Tano zilionyesha volti 8.2 hadi 8.3 kila moja, lakini ya nne kutoka mbele ilionyesha 7.7. Tulipokanyaga mafuta, kama wasemavyo madereva ingawa mafuta hayamo, betri hiyo ilishuka mpaka volti 5.9 huku nyingine zikibaki juu ya 7.5. Baada ya kuchaji, seli zake mbili zilisoma 1.180 na 1.145. Seli za betri nyingine zote zilikuwa juu ya 1.250.

Kigari nambari 6 kilinishangaza. Betri zote sita zililingana na seli zote zililingana, lakini zote zilikuwa chini, karibu 1.215, hata baada ya saa 14 za kuchaji. Mita iliyowekwa kwenye seti wakati chaja ikifanya kazi ilionyesha volti 54.2 na haikupanda tena.

Kibao cha chaja hiyo kimeandikwa volti 120 na herzi 60. Tunaiunganisha kupitia transfoma inayoteremsha umeme wetu wa volti 240. Tulidhani hilo linatosha.

Mtunza_Vigari_Limuru amejibu:

Nilihisi hivyo hivyo! Hiyo ni chaja ya Marekani. Transfoma yako inabadilisha volti tu, herzi haizigusi. Namwachia fundi aeleze kwa nini jambo hilo lina uzito, lakini leo usiku fanya jaribio hili: kama plagi zinalingana, chaji nambari 6 kwa chaja ya nambari 1 uone.

Fundi_Haidromita amejibu:

Vipimo hivi vimenifurahisha, kwa sababu vinatenganisha wagonjwa wawili ambao kwa macho wangeonekana kuwa na ugonjwa mmoja.

Nambari 6 kwanza. Kama tatizo lingekuwa seli iliyokufa, ungeikuta moja iko chini na wenzake wako juu. Zote zikiwa chini kwa usawa, betri hazina hatia, zina njaa tu. Chaja za zamani zenye transfoma nzito hutegemea koili na kapasita kubwa iliyopimwa ilingane na umeme unaogeuka mara 60 kwa sekunde, kama ulivyo Marekani. Umeme wa Kenya na Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde. Chaja ya namna hiyo ikilishwa herzi 50, volti zinazotoka hupungua sana hata kama volti zinazoingia ni sahihi, na ndiyo maana yako imekwama kwenye 54.2 wakati seti inataka 59 ili imalize kazi. Unaweza kuiacha mpaka Ijumaa na haitafika. Chaja yenyewe pia huwa inapata joto kupita kiasi. Iweke kando, ununue chaja ya volti 48 inayokubali volti 240 na herzi 50. Betri za kigari hicho zimekaa katika hali ya njaa kwa muda mrefu, kwa hiyo ukipata chaja nzuri, zijaze kabisa, kisha uzisawazishe: chaji ya makusudi ya takriban volti 64 kwa ampea chache, ukipima seli kila saa na kuacha tarakimu zinapokoma kupanda. Fanya hivyo mchana, vifuniko vikiwa mahali pake na milango ikiwa wazi, huku ukiangalia kiwango cha maji, na kama betri zikipata moto usiovumilika mkononi, simamisha.

Nambari 3 ni kinyume chake. Betri moja imechoka, nayo ndiyo inayoamua siku ya kigari kizima, kwa sababu katika mfululizo umeme ule ule hupita katika zote. Inapoanguka, kigari kinasimama hali zile tano bado zina akiba ya kutosha. Umeme uliotoka ni mdogo, basi na wa kurudisha ni mdogo, na taa inakuwa kijani kwa saa 3. Kila anayesimamia vigari aogope chaja inayomaliza mapema kuliko kawaida yake kama anavyoogopa inayochelewa, maana betri kuukuu hujaa upesi kwa sababu ndani yake mmebaki nafasi ndogo ya kujazwa.

Sasa agizo la meneja. Vigari vyako vinne vizima vinarudi jioni vikiwa vimetumia kati ya asilimia 35 na nusu, kwa hiyo vinahitaji kama saa 6 na nusu hadi 8. Saa 6 zitakata mkia. Lakini tazama anachokiogopa meneja ni nini. Anaogopa kilele cha matumizi, kwa maana wateja wakubwa hulipia kilele hicho pamoja na uniti zenyewe, na ana haki ya kukijali. Chaja moja ikisukuma ampea 18 kwa volti 59 inatoa wati 1,060, na pamoja na upotevu inavuta ukutani karibu wati 1,300. Sita kwa pamoja ni takriban kilowati 8. Hizo ni saa za mwanzo tu. Kuanzia saa 5 usiku, kufikia saa 9 au 10 usiku chaja zitakuwa zimeingia mkiani, na saa 11 alfajiri kila moja itakuwa ikisukuma ampea 4 hivi, yaani kama wati 300 za ukutani. Zote sita hazifiki kilowati 2. Birika moja la umeme la jikoni linaweza kuvuta zaidi ya hapo! Mwombe meneja aache chaja ziendelee mpaka saa 12 na nusu asubuhi. Utapata saa 7 na nusu, na tanuri zake hazitasikia lolote. Kigari kinachorudi kimechoka kuliko vyote kianze peke yake saa 3 usiku, wati 1,300 kando ya mashine za dobi si kitu.

Kama akitaka gharama, kujaza kigari kilichotumia nusu kunahitaji kati ya uniti 6 na 7.

Kuna jambo la joto pia. Volti 59 nilizozitaja zimepimwa kwa nyuzi 25. Kwa kila nyuzi moja juu ya hapo chaja inapaswa kupunguza volti 0.005 kwa kila seli. Seti yako ina seli 24, kwa hiyo katika banda lenye nyuzi 32 inatakiwa ishuke kwa karibu volti 0.8. Chaja nyingi za kisasa zina kihisi cha joto kinachofanya hivyo zenyewe. Hakikisha kihisi hakijang'olewa, na kama hakipo, betri zenu zitakunywa maji mengi kuliko za huyo ndugu wa Limuru, naye atakwambia hujui kazi.

Mtunza_Vigari_Limuru amejibu:

Siwezi kusema hivyo. Labda kimoyomoyo.

Msimamizi_Diani amejibu:

Ninaleta habari baada ya siku kumi. Nilimwonyesha meneja hesabu ya wati, naye akamwita fundi umeme aipime kwa mita ya kubana waya. Saa 11 alfajiri chaja tano kwa pamoja zilikuwa zikivuta chini ya ampea 7 za volti 240. Amekubali saa 12 na nusu. Vigari vinne huwa kijani kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na robo asubuhi, isipokuwa Jumamosi, siku ya harusi, ambapo kimoja kilichelewa na tukakiacha kiendelee hadi saa 2.

Nambari 6 kilichajiwa kwa chaja ya nambari 1. Usiku wa kwanza kilichukua saa 10, wa pili saa 8 na dakika 20, na kikawasha taa ya kijani kwa mara ya kwanza tangu nikijue. Tumeagiza chaja mpya. Ile ya kunguruma imebaki inazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Limebaki swali moja. Kwa nambari 3, nibadilishe ile betri moja mbovu tu, au zote sita? Fedha iliyopo inatosha mbili.

Fundi_Haidromita amejibu:

Betri mpya kati ya tano za miaka mitatu haidumu. Zile kuukuu zitajaa mapema, chaja itaona volti zimefika na kuanza kupunguza ampea kabla mpya haijashiba, na baada ya miezi michache itakuwa na tabia za wakubwa zake. Tafuta betri ya umri ule ule na aina ile ile, iliyotolewa kwenye kigari kingine ikiwa bado nzima. Hoteli za Pwani hubadilisha seti nzima kwa sababu ya betri moja au mbili, na nzuri huuzwa pamoja na mbovu kwa bei ya risasi chakavu, hivyo nenda na haidromita yako na mita, upime kabla ya kulipa. Hiyo itakusukuma kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, mpaka seti yenyewe ifike wakati wake. Usipoipata, subiri fedha ya zote sita, na hizo tano zilizobaki nzima uziweke ziwe akiba ya vigari vile vingine. Ukiziweka akiba zichaji angalau mara moja kwa mwezi, kwa kuwa betri ya risasi huisha yenyewe hata ikiwa imekaa rafuni, tena upesi zaidi kwenye joto, na uandike tarehe juu ya kila moja kwa rangi isiyofutika.

Seti mpya ikifika, usishangae kwamba wiki za kwanza kigari hakiendi mbali kama ulivyotarajia. Betri mpya za aina hii huhitaji kati ya mizunguko 50 na 100 ya kutumiwa na kuchajiwa kabla hazijatoa uwezo wake wote. Katika kipindi hicho wakataze madereva kukikamua sana, wakirudishe kwenye chaja kikiwa bado na zaidi ya nusu.

Msimamizi_Diani amejibu:

Nimekuelewa, fundi. Jumatatu ninakwenda Likoni kuangalia betri nne zilizotolewa kwenye vigari vya hoteli nyingine, na haidromita iko mfukoni.